Ekzosi ya Shemeji Sefu

Mmeniuliza sokoni, mmeniuliza kwa simu, na mmoja wenu, simtaji, ameniuliza msibani kabla hata maiti haijatolewa: ilikuwaje mama wa bibi harusi akaingia Tororo juu ya bodaboda, kopo la halua mapajani, na gari la familia likabaki kwa ng'ombe. Naandika mara moja, msome, mniache nifanye biashara yangu.

Kwa wasiomjua, Sefu ni mdogo wa marehemu mume wangu, Bakari. Ana duka la sare za shule hapa Nakuru. Ni mtu mpole. Akipita uani hata kuku hawasogei. Mwanangu Mwanaidi ni muuguzi huko Tororo na anakaa kwa dada yangu Rukia. Alipata mchumba, na nikaha ikapangwa Jumamosi baada ya swala ya Adhuhuri, nyumbani kwa Rukia. Baba yake hayupo, babu hayupo, kaka hana. Aliyebaki wa kumwozesha ni baba yake mdogo, Sefu. Bila yeye hakuna harusi, kuna pilau tu.

Sasa mtu aliyebeba dhamana kama hiyo hufanya nini siku ya kuamkia safari? Mngedhani atakagua magurudumu, ajaze maji, alale mapema. Sefu alipeleka gari kwa fundi likafungwa ekzosi mpya. Si kwamba ya zamani ilikuwa mbovu. Ilikuwa nzima, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake: ilikuwa kimya. Hii mpya ilikuwa bomba pana linalong'aa, mdomo wake kama tarumbeta. Ijumaa asubuhi alipowasha gari mlangoni kwangu, jirani yangu alitoka na ndoo ya maji akidhani mtungi wa gesi umelipuka.

"Unaisikia, Shemeji?" Sefu aliniuliza, uso umejaa furaha.

Nilimwambia naisikia. Sikuwa na namna ya kutoisikia.

Nakuru hadi Kericho

Taa ya kwanza iliwaka kabla hatujafika Londiani. Ilikuwa na umbo la injini, rangi ya njano, imetulia katikati ya dashibodi kama mgeni aliyekuja kukaa. Nikamwonyesha Sefu.

"Hiyo ni kawaida," akasema. "Injini inaizoea ekzosi."

"Na ikishaizoea itazimika?"

"Shemeji, taa za gari zina lugha yake. Nyekundu ni amri. Njano ni ushauri tu."

Nilimuuliza kama ushauri wenyewe si wa kufuatwa. Akasema ushauri unasikilizwa, si lazima ufuatwe, akakanyaga mafuta. Mazungumzo yakaishia hapo, kwa sababu kwenye vile vilima, kila gari lilipopanda, sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba ningelazimika kumfokea mtu ambaye atamwozesha binti yangu. Nikaangalia majani ya chai. Wachumaji walinyoosha migongo kututazama. Sefu akawapungia mkono. Hakuna aliyejibu.

Kericho tulikula mahindi ya kuchoma na chai ya maziwa. Mwenye kibanda alimuuliza Sefu gari lina tatizo gani. Sefu akamwambia halina tatizo, ni la mbio. Yule mama akalitazama, akatazama mabegi yetu, mkeka, mabirika ya zawadi na mimi, akasema, "Sawa, baba."

Kericho hadi Busia

Tuliposhuka kuelekea Ahero, taa ya pili ikawaka, yenye picha ya gari linaloteleza. Barabara ilikuwa kavu na hakuna aliyekuwa akiteleza. Muda si muda ikaja ya tatu, hii haikutaka kutulia, ikawa inapepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni. Zote njano. Tulikuwa sasa na baraza zima la washauri.

"Zinafuatana," Sefu alinieleza kwa utaalamu. "Ya kwanza ikiwaka, hizi nyingine zinajishuku."

Baadaye niliambiwa hapo alisema kweli, sijui kwa bahati gani.

Jambo ambalo halikuwa na taa ni miguu yangu. Sakafu ilikuwa imeanza kupata moto. Nilivua viatu, nikavaa tena upesi. Halua niliyokuwa nimewabebea wakwe, iliyopikwa na mikono inayojua kazi, nilikuwa nimeiweka chini karibu na miguu ili isianguke. Nilipofungua kopo Kisumu, ilikuwa imerudi kuwa uji. Unaweza kusema nilisafiri na jiko.

Baada ya Ugunja tulisimamishwa na askari wa barabarani. Sefu alishusha kioo akitabasamu, maana aliamini kabisa kwamba askari amependa mlio. Askari akaashiria kwa mkono kwamba azime kwanza ndipo waongee. Kimya kikatanda. Hata mimi nilikishangaa, nilikuwa nimesahau kilivyo.

"Mzee, hii imeharibikia njiani ama ulinunua ikiwa hivi?"

"Nimenunua hivi."

Askari akarudi nyuma hatua moja. "Pole," akasema, akaturuhusu twende.

Tuliingia Busia jua likizama, tukapata vyumba katika nyumba ya wageni upande wa Kenya. Mwenye nyumba alituomba gari tuliache nje ya ukuta na tusiliwashe mpaka wageni wake wamekunywa chai.

Kuvuka mpaka

Asubuhi tulivuka. Ya karatasi siwaelezi, mnayajua. La kueleza ni kwamba foleni ya malori yale makubwa, yenye madereva ambao hawashangazwi na kitu duniani, ilitupisha. Mmoja aliteremka kabisa akainama kuchungulia chini ya gari letu.

Upande wa Uganda, nilimwambia Sefu kwamba siendi hata hatua moja kabla fundi hajaliona gari. Alikubali haraka mno, nikajua hata yeye moyo wake haukuwa umetulia. Tuliambiwa kuna fundi mmoja, Wandera, Msamia wa hapohapo, ana mashine ya kusoma magari. Alichomeka mashine yake chini ya usukani, akasoma, akalala chini ya gari, akatoka akijifuta mikono.

"Sensa ya nyuma hakuna," akasema. "Fundi yenu natoa ile kichujio ya ndani, naweka bomba tupu. Sensa naacha waya yake naning'inia tu."

Karibu yetu palikuwa na mzee muuza vitunguu aliyekuwa amesogea kuona kinachoendelea. Aliposikia sensa akaingilia. "Sensa? Mimi nahesabiwa zamani. Na mke wangu nahesabiwa. Hata mgeni mwenye nalala kwangu siku hiyo nahesabiwa."

"Si sensa ya watu, mzee. Sensa ya gari."

"Serikali nahesabu magari sasa?" Mzee akakunja uso. "Basi hawa Wakenya msiwahesabu hapa. Wahesabiwe kwao."

Ilimchukua Wandera muda kumwondolea ile hofu, na sidhani alifaulu, kwa sababu mzee aliondoka akimwambia jirani yake kwamba kuna kodi mpya inakuja. Kama mlisikia uvumi huo, chanzo chake ni sisi.

Wandera akaendelea. Ule waya wa sensa, kifaa cha kupima moshi, ulikuwa umelala juu ya bomba, plastiki yake imeanza kuyeyuka. Alitaka gari libaki kwake siku nzima, afungue, abadilishe waya, atafute sensa, arudishe na bati la kuzuia joto ambalo fundi wa Nakuru aliliona halina maana. Sefu alitazama jua. Nikaha ilikuwa mchana.

"Huwezi kuzizima tu hizi taa?" akauliza.

"Naweza. Mimi nazima taa. Ile ugonjwa nabaki."

"Zima taa."

Nilikuwa nimesimama hapo, chapati iliyoviringishwa na mayai mkononi, na sikusema kitu. Mnilaumu kidogo kwa hilo. Ile chapati ilikuwa tamu, nilikuwa na haraka ya kumwona mwanangu, na Wandera alikuwa ameufunga waya pembeni kwa kipande cha uzi wa chuma, ukaonekana umekaa vizuri. Akabonyeza mashine yake na taa zote zikatoweka. Dashibodi ikawa safi kama ya gari la waziri.

"Unaona?" Sefu akaniambia. "Imezoea."

Njia ya Tororo

Tulikuwa tumeingia upande wa Buteba, mashamba kushoto na kulia, muhogo na mtama, Sefu akiimba kaswida kwa sauti ambayo ni Mungu tu aliyeisikia, gari lilipozimika. Halikukohoa, halikutetemeka. Lilizimika kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Kisha taa zote zikawaka kwa pamoja, na safari hii zilikuwamo nyekundu.

Sefu aliwasha. Hakuna. Akawasha tena. Chini ya gari palitoka moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki. Ule uzi wa chuma ulikuwa umelegea, waya umerudi kulala palepale juu ya bomba, umeungua, na fyuzi ikaenda nao. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilichojua ni kwamba swala ya Adhuhuri ilikuwa inakaribia na tuko kati ya mtama na mtama.

Gari lilikuwa limesimama kwenye kona, mahali pabaya, malori yanapita kwa kasi. Kutoka shambani akaja mama mmoja, jembe begani, anatembea bila haraka. Jina lake Amoding, lakini majirani waliokuja kututazama walimwita Toto, yaani mama kwa Kiteso.

"Ni nyinyi mnapiga hiyo kelele?" akauliza.

Sefu akakiri ni sisi.

"Asante Mungu imezimika. Ng'ombe yangu nakimbia mpaka kwa shamba ya watu." Kisha akatuangalia vizuri, akaona kanzu ya Sefu imetundikwa nyuma na mimi nimevaa buibui langu jipya, sauti ikabadilika. "Mnakwenda wapi hivi?"

"Harusini Tororo," nikasema. "Na huyu ndiye walii."

"Wali?" Toto akamtazama Sefu kuanzia kichwani mpaka miguuni, akacheka. "Kwani Tororo mchele nakwisha?"

Nilimweleza kwamba walii ni yule anayemwozesha binti, mwenye kusimama mahali pa baba, na kwamba asipofika hakuna ndoa. Toto aliacha kucheka. Akaita kwa Kiteso kuelekea nyumbani, na mumewe akatokea na wale ng'ombe waliotukimbia, wamefungwa nira ya kulimia. Ndivyo gari la mbio lilivyoondolewa barabarani. Mume wa Toto alifunga mnyororo mbele, akawasemesha ng'ombe wake kwa upole, nao wakalivuta taratibu mpaka uani kwake, lile bomba linang'aa nyuma. Sefu alitembea pembeni akiwa ameshika mlango kama anayesindikiza jeneza. Sikucheka. Nilijitahidi sana.

Nikampigia Rukia. Akampa simu shehe. Shehe alikuwa na mazishi upande wa Mbale na alipaswa kuondoka kabla ya Alasiri. Alizungumza kwa busara: "Mwambie ndugu yetu asihangaike. Sheria inamruhusu kuweka wakili. Anitamkie hapa kwenye simu kwamba amenipa uwakala, mimi nitaozesha kwa niaba yake, nyinyi mtakuta watu wanakula."

Niliona ni msaada kutoka mbinguni. Nikampa Sefu simu. Aliisikiliza, akasema, "Hapana, shehe, nisubiri," akanirudishia.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kweli. Nilikuwa nimevumilia mlio, joto, halua iliyoyeyuka na ng'ombe. Nikamwambia, mbele ya wenyeji wetu, kwamba ameharibu harusi ya mwanangu kwa ajili ya bomba, na sasa amepewa njia rahisi anaikataa, ni kiburi gani hicho.

Toto alikuwa ametuwekea ugali wa wimbi na mboga iliyoungwa karanga, maana kwao mgeni hagombani na tumbo tupu. Sefu alinawa, akamega tonge, halikwenda mdomoni.

"Shemeji," akasema, "Bakari akiingia mahali, watu walijua ameingia. Hata kama hasemi. Mimi nikiingia mahali mtu ananiuliza kama nimeleta maziwa. Leo nilikuwa niende mbele ya watu nikae pale alipotakiwa kukaa yeye. Nikasema basi angalau wasikie kuna mtu anakuja."

Mume wa Toto, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alitazama chini.

"Na kuhusu simu," Sefu akaendelea, "siku zile za mwisho hospitalini, ulipokwenda kununua dawa, Bakari aliniambia, huyu mtoto siku yake uende wewe mwenyewe. Usitume mtu. Nikamwambia nitakwenda. Kwa hiyo siwezi kumtuma mtu, Shemeji. Hata kama ni shehe."

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia. Nikamwambia, "Kula basi haraka, twende."

Toto mwenyewe ndiye aliyesimama barabarani kusimamisha bodaboda, na zilisimama, kwa kuwa alisimama katikati. Sefu alimkabidhi mume wa Toto ufunguo bila hata kugeuka kulitazama gari. Alikuwa mtu yuleyule aliyekuwa akilipangusa vumbi kwa leso yake kila tuliposimama tangu Nakuru. Mimi nikapanda ya kwanza na kopo langu la uji wa halua, yeye ya pili, kanzu ndani ya mfuko wa nailoni kifuani. Toto akatufungia mahindi mabichi kwa ajili ya bibi harusi. Kwamba hamjui bibi harusi halikumsumbua.

Tororo

Mwamba wa Tororo unaonekana kutoka mbali, na mnavyojua, kitu kinachoonekana kutoka mbali huchelewa kufika. Kila nilipochungulia juu ya bega la dereva ulikuwa palepale. Dereva wangu alikuwa Mjopadhola mchangamfu, akanieleza habari za ukoo wake wote. Upepo ulikula nusu. Nusu niliyoisikia ilikuwa na kesi ya ardhi.

Tulifika nyumbani kwa Rukia bila mtu kutusikia. Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni, wanaume wameketi kwenye mikeka, shehe amekwisha kusimama anatafuta fimbo yake. Sefu alivalia kanzu nyuma ya tangi la maji, akapangusa uso, akaingia. Vumbi lilikuwa limebaki kwenye nyusi, akaonekana mzee ghafla. Watu wakampisha. Akaketi mbele ya bwana harusi, kijana mwembamba anayetoka jasho kama yeye ndiye aliyekuja na bodaboda, wakashikana mikono.

Mimi nilipita kwa wanawake chumba cha ndani. Mwanaidi alikuwa amekaa kitandani, hina mikononi, macho mekundu. "Baba mdogo amekuja?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Yuko hapo nje."

Tukasikiliza nyuma ya pazia. Shehe alisoma hotuba yake fupi, akamwongoza Sefu maneno. Na Sefu, kama mlivyomjua siku zote, akayatamka kwa sauti ambayo ingemfaa mtu anayeomba radhi kwenye basi. Shahidi mmoja, mzee wa upande wa bwana harusi, akasema hakusikia, na yeye hashuhudii asichosikia.

Nilihisi mkono wa Mwanaidi umeshika nguo yangu.

Kisha Sefu akasema tena, na sauti ile sijui ilitoka wapi: "Nimekuozesha mtoto wa ndugu yangu, Mwanaidi binti Bakari, kwa mahari mliyokubaliana." Jikoni waliokuwa wakikata kachumbari waliacha visu. Bwana harusi akajibu amekubali, kwa haraka hata karibu alirudie mara mbili, na vigelegele vikafuata. Mwanaidi akalia, hina ikaharibika upande mmoja, Rukia akatugombeza sote.

Halua yangu ilinywewa kwa vikombe. Wakwe wakasema hawajawahi kuonja ya namna hiyo, na nikawaacha waamini kwamba ndivyo ilivyo kwetu. Shehe, akiwa amechelewa mazishi, alimuuliza Sefu kama anaweza kumsogeza Mbale kwa gari lake. Sefu akamwambia gari liko kwa ng'ombe. Shehe alimtazama, akaona ni heri asiulize.

Kurudi

Gari lilivutwa mpaka kwa Wandera, safari hii kwa trekta, likakaa kwake mpaka akalichoka. Sisi tulirudi Nakuru kwa basi, na Sefu alilala njia nzima, kichwa kimeegemea kioo. Siku hizi gari lina ekzosi ya kawaida. Wasiousikia tena ule mlio wanamuuliza kama ameliuza, naye huwajibu hapana, bila maelezo.

Mwanaidi hunipigia simu kila Ijumaa. Ananisalimu vizuri, ananiuliza biashara, magoti na mvua ya Nakuru. Kisha, na hapo huwa najua salamu zangu zimekwisha, anauliza, "Mama, Baba mdogo yuko karibu?" Zamani walikuwa wakionana sikukuu kwa sikukuu na kupeana mkono. Sasa mimi niliyembeba tumboni natumwa dukani kwa Sefu na simu mkononi, kama tarishi. Nampa, nakaa kwenye kiti cha wateja kati ya sare za shule, nangoja wamalize. Wanaongea muda mrefu. Sijui wanasema nini, maana Sefu bado anaongea kwa sauti ndogo, lakini huyo msichana anamsikia.